Sarafani na Nguo ya Kiviking Zilivyofika Manly

Nyinyi wenzangu wa chai ya baada ya ibada mmenichosha. Kila Jumapili ni yale yale: Rehema, hebu tena ile ya feri, Rehema, ni kweli Mama Furaha alimlisha Mviking sombe? Na kila nikianza kusimulia, Mama Furaha anadakia na kuongeza chumvi mpaka mimi mwenyewe nashindwa kujua kama nilikuwepo. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Atakayetaka chumvi ajitilie.

Wapo walionicheka kwa kuiita safari. Ati kutoka St Marys hadi Manly ni safari gani, si yote ni Sydney? Mimi nimepanda ndege kutoka Nairobi hadi hapa nikiwa na mafua na mtoto wa watu akinipiga mateke mgongoni njia nzima, nami nawaambia nilishuka nikiwa na nguvu kuliko nilivyoshuka Manly siku ile.

Kwanza mjue tulibeba nini. Katya ni muuguzi ninayefanya naye kazi hospitali ya Westmead, na siku hiyo alikuwa anaolewa. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na Bibi Nina, bibi yake mzaa mama, Mrusi aliyezaliwa Harbin kule Uchina na kuletwa Sydney akiwa msichana. Bwana harusi naye ana mama yake, Ingrid, ambaye asili yake ni Uswidi. Ingrid ni mtu wa ofisini, lakini wikendi hujiunga na kundi la watu wanaovaa kama Waviking, mabaharia wa kale wa huko kwao, wanapiga hema kwenye nyasi, wanachoma nyama na kupigana kwa ngao za mbao. Msiniulize kwa nini. Wote wawili walitaka kuvaa nguo za asili yao harusini, na wote wawili waliletwa kwangu kwa sababu mimi ndiye fundi cherehani pekee ambaye Katya anamjua.

Bibi Nina alitaka sarafani. Ni gauni refu lisilo na mikono, linaning'inia mabegani kwa kanda mbili, na linavaliwa juu ya shati la kitani. Ingrid alitaka nguo ya mwanamke wa Kiviking. Ni gauni refu lisilo na mikono, linaning'inia mabegani kwa kanda mbili, na linavaliwa juu ya shati la kitani. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba kanda za sarafani zimeshonwa moja kwa moja mbele na nyuma, ilhali za Kiviking zinabanwa kifuani kwa bizimu mbili za shaba, pini kubwa zenye mgongo wa mviringo kama kobe. Nilipowekewa picha mbili mezani niliuliza kama si nguo moja. Katya akanifunika mdomo kwa mkono wake.

Maana siku ya kuvishana pete, Ingrid alikuwa amesema mbele ya keki kwamba sarafani ni nguo ya bibi zake, ilipelekwa Urusi kwa mashua, ikakaa huko mpaka ikaota vifungo. Alisema akicheka. Bibi Nina hakucheka. Alisema hataketi benchi moja na mtu anayemwambia kuwa mama yake alivaa nguo ya kuazima.

Hapo ndipo harusi ilipokwama. Bibi Nina ndiye wa kumshika Katya mkono na kumpeleka mbele, kisha aketi benchi la mbele kando ya Ingrid. Alisema atakuja Manly, atavaa sarafani yake katika chumba cha nyuma, na akishavaa ndipo ataamua kama atatoka. Katya alinililia kazini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akasema kama bibi hatatoka basi na yeye hajui atatembeaje peke yake.

Na bibi hakuwa mkorofi tu. Nilipokuwa nampima alinieleza kuwa mama yake alitoka Harbin na sarafani moja sandukuni, na mwaka wao wa kwanza Sydney baridi iliingia, watoto hawana nguo, mama akaitandaza mezani ikakatwa. Aliyepewa mkasi alikuwa Nina. Nilipiga futi kiunoni mwake mara tatu kwa kuwa sikuweza kuziona namba kwa machozi.

Wote wawili walinipa ruhusa nichague kitambaa. Nikawapima kwa nyakati tofauti, nikawajaribishia kwa nguo za marekani zilizopigwa bandi tu, ile mishono mirefu ya muda, kisha nikaenda dukani Parramatta nikachukua kitani cha buluu iliyoiva na utepe mwekundu wa kuzungusha kwenye pindo. Nilimaliza kushona usiku wa kuamkia harusi. Nilijipongeza sana.

St Marys: gari linakataa

Aliyepaswa kutupeleka ni Mama Furaha, jirani yangu, Mkongomani wa Uvira. Anafanya kazi ghalani, na hakuna jambo duniani asilokuwa na maoni juu yake. Hakualikwa. Nilipomkumbusha alisema kwao harusi mtu haalikwi, anasikia.

Alikuja amevaa kitenge cha kung'aa na kilemba cha kumziba dereva yeyote aliye nyuma yake. Tukalaza nguo mbili kiti cha nyuma ndani ya mifuko yake mirefu, tukafunga mikanda, akatia ufunguo. Gari likakohoa mara moja likanyamaza. Mama Furaha akashuka, akaweka mkono juu ya boneti akaliombea. Likakohoa tena, nikadhani amefaulu, kumbe lilikuwa linaaga.

Teksi kutoka St Marys hadi Manly ni ya watu wenye mifuko mingine. "Dada Rehema, tusihangaike," akasema, akitoa kapu lake la chakula kwenye buti. "Treni njo iko. Tutafika paka bien." Yaani treni ipo, tutafika vizuri tu.

Tulifika stesheni tukakuta njia ya reli inafanyiwa matengenezo na watu wamepangwa kusubiri mabasi.

St Marys hadi Parramatta: naolewa ndani ya basi

Basi la badala ya treni lina tabia ya kutaka kuiona kila stesheni, hata ile ambayo hashuki mtu. Dereva alikuwa mgeni wa njia. Blacktown alizunguka mzunguko mmoja mara mbili mpaka mzee mmoja mwenye kilemba cha Kisingasinga akaenda kusimama karibu naye akawa anamwonyesha njia kwa kidole, kulia, kushoto, mpole kabisa.

Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika mifuko juu isiburuzwe. Mama mmoja akaangalia mifuko, akaangalia kilemba cha Mama Furaha, akauliza kama ni harusi. Nikajibu ndiyo. Akauliza, ya nani? Kabla sijafungua mdomo, Mama Furaha, ambaye Kiingereza chake hukimbia mbele ya masikio yake, akaniwekea mkono begani na kusema kwa fahari: yake.

Jamani. Basi zima likapiga makofi. Mimi mwenye miaka hamsini na goti bovu nikapewa kiti, nikapewa pongezi, mzee wa kilemba akafungua mkebe akanipa sambusa ya viazi, bado ya moto, akisema bibi harusi asiende na njaa. Nilijaribu kueleza. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyosema ana haya. Msichana mmoja akauliza bwana harusi anaitwa nani, na Mama Furaha, aliyekwisha kuelewa kosa lake na kulipenda, akasema anaitwa Célestin.

Dereva naye alisikia. Akaacha kupitia vistesheni vyote, akaomba ruhusa ya abiria, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana anamchelewesha bibi harusi, akatupeleka moja kwa moja Parramatta akipiga honi. Nilishuka nikiwapungia mkono. Ningefanyaje? Mpaka leo nikikutana na mzee yule stesheni huniuliza hali ya Célestin, nami hujibu hajambo.

Parramatta hadi Rydalmere: mto unakosa maji

Foleni ya basi la kwenda mjini ilikuwa imezunguka kona. Mama Furaha akaikagua kama anayekagua samaki wabovu, akasema sisi tutakwenda kwa maji. Kumbe kweli, kuna feri inayotoka Parramatta kufuata mto hadi Circular Quay, nami miaka yote nimeiona kama kitu cha watalii. Tukatembea hadi gatini.

Gatini palikuwa na Waviking.

Walikuwa kundi zima, wanaume na wanawake, ngao mgongoni, ngozi za kondoo mabegani katika jua lile, na mmoja mrefu mwenye ndevu zilizosukwa alikuwa anakunywa kahawa kwenye kikombe cha karatasi. Mama Furaha alinishika mkono akarudi nyuma. Mimi nilijua mara moja ni wenzake Ingrid. Nikamwendea yule wa ndevu, nikajitambulisha, naye akafurahi sana. Anaitwa Darren, mhasibu wa Blacktown. Nao walikwamishwa na reli wakaona hakuna aibu kwa Mviking kufika kwa chombo cha majini.

Ila chombo hakikuwepo. Maji yalikuwa yamekupwa, na yakikupwa feri haiwezi kupanda hadi Parramatta. Abiria wanachukuliwa kwa basi mpaka gati la Rydalmere. Kwa hiyo tukapanda basi tena, safari hii pamoja na mikuki, ambayo dereva aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza tu kama imefungwa vizuri.

Njiani Darren alinieleza kuwa hivyo hasa ndivyo wazee wake walivyosafiri Urusi. Walifuata mito kwenda kusini kufanya biashara, na mto ukiwaishia waliiburuta mashua nchi kavu juu ya magogo mpaka mto mwingine. Alisema haya kwa furaha kubwa, kichwa chake kikigonga dari. Mama Furaha akaniuliza kwa Kiswahili kama wazee wake hao nao walikuwa na tiketi.

Rydalmere hadi Circular Quay: chakula na elimu

Feri ilipoondoka tulipumua. Mikoko pande zote mbili, upepo mwanana, na Mama Furaha akafungua kapu. Bugali, ndio ugali wetu, na sombe, ndicho kisamvu, iliyopondwa vizuri ikapikwa na mawese, pilipili pembeni. Harufu ikaenea chombo kizima. Darren akafungua mfuko wake naye akatoa samaki mkavu, mgumu kama soli ya kiatu, akasema ndicho chakula cha Waviking safarini, na huyu ametoka Norway. Mama Furaha akamchukua, akamnusa, akamgonga kwenye kiti.

"Rehema, huyu ni ndugu ya makayabu," akasema. "Ule samaki wetu wa chumvi. Mwambie banamuharibu, hajalowekwa hata."

Basi ikawa ni kubadilishana. Darren alikula sombe, akala tena, akaomba aandikiwe jinsi ya kupika. Wenzake wakaja na vikombe vyao vya mbao. Mama Furaha akawa anawagawia kwa kijiko, anawauliza mmoja mmoja kama ameoa, na wale watu wenye mikuki wakapanga foleni kama watoto wa shule. Ni kweli, kwa hiyo. Alimlisha Mviking sombe, na si mmoja.

Nikiwa nimeshiba nikamuuliza Darren lile la keki: je, Ingrid alisema kweli? Akajifuta ndevu. Alisema kinachojulikana ni kwamba makaburi ya wanawake wa Kiviking yanapochimbuliwa, hata kule Urusi kandokando ya mito, hukutwa bizimu hizi mbilimbili, na ndani ya kutu yake hubaki vipande vya kanda. Kwa hiyo nguo yenyewe ilifika huko. Lakini baadaye bizimu zinapotea ardhini, na sarafani ya wanawake haionekani kwenye maandishi mpaka baada ya karne nyingi. Hata jina lake inasemekana ni la Kiajemi, na mwanzoni lilikuwa la vazi la wanaume. Katikati pana shimo. Wapo wanaoamini kuwa ndani ya shimo hilo wanawake wa vijijini waliendelea kushona tu, mama kwa binti, bila kuandikwa na mtu. Na wapo wanaosema shimo ni shimo.

Mama Furaha alitaka nimtafsirie. Nikamtafsiria. Akaweka kijiko chini, akanyoosha mkono ndani ya pochi yangu, akatoa leso yangu, kanga ile ya kujifunga, akasimama katikati ya feri. Akajizungushia chini ya makwapa juu ya kitenge chake, akachukua pembe mbili, akazivusha juu ya mabega na kuzifunga fundo nyuma ya shingo. Gauni refu lisilo na mikono, linaloning'inia mabegani.

"Muulize," akasema. "Na hii siye tuliiga kwa nani? Ba-Viking balifika Uvira?"

Darren alicheka mpaka akakaa chini. Alisema huo ndio upande wa tatu wa ubishi, kwamba mwanamke yeyote mwenye kitambaa na mabega atafika hapo hapo mwenyewe. Kisha, akiwa bado anafuta machozi, akaomba azione nguo.

Nikafungua mfuko wa kwanza. Akasifu. Nikafungua wa pili. Akaacha kucheka. Akashika pindo la hii, akashika pindo la ile, buluu na buluu, utepe mwekundu na utepe mwekundu.

"Ni kitambaa kimoja," akasema.

Nikamjibu kwa fahari kuwa ndiyo, bila shaka, ni sare. Akauliza sare ni nini. Nikamshangaa. Nikamweleza kuwa kwetu mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi huvalishwa kitambaa kimoja siku hiyo, na shangazi zao, na majirani wakijiweza. Hata mawifi wasiosalimiana hukaa benchi moja ndani ya sare wamenuniana. Hilo mimi sikulichagua. Nilisikia harusi, nikasikia kina mama wawili, mkono wangu ukaenda kwenye jora moja. Mama Furaha aliyekuwa karibu akatikisa kichwa kukubali, kwamba kwao pia ndivyo, harusi bila kitenge kimoja ni mkutano tu.

"Rehema," Darren akasema taratibu, "hawa wanawake wanagombana kama nguo hizi ni moja au mbili. Na wewe umezifanya moja."

Nikairudisha mifuko haraka. Akilini nilimwona Bibi Nina akifungua mlango wa chumba chake, anamwona Ingrid ndani ya kitani kile kile, anajua kwamba amefanyiwa mzaha tena, safari hii na fundi aliyempimia huku akilia. Nilimwona akifunga mlango.

Circular Quay hadi Manly: bahari inachukua chake

Circular Quay tulikimbia kutoka gati moja hadi jingine. Watalii walitupiga picha, hasa Mama Furaha, ambaye bado alikuwa amevaa leso juu ya kitenge na sasa amepewa ngao abebe.

Feri ya Manly ilipong'oa nanga tulikuwa na mpango. Nitafumua utepe mwekundu kwenye nguo moja ili zisifanane sana. Ubishi ukawa ni ipi. Mama Furaha akasema ya Ingrid, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza. Nikaitandaza ya Ingrid magotini, nikatoa bizimu zake mbili nikaziweka pajani, nikaanza kufumua. Darren akanishikia tochi ya simu ijapokuwa kulikuwa na jua kali.

Sasa, mliowahi kupanda feri ile mnajua pale ambapo bandari inafunguka na bahari kuu inachungulia ndani. Mimi sikujua. Feri iliinuka, ikakaa kidogo huko juu, ikashuka. Sindano ikaingia kidoleni mpaka nikaona nyota. Bizimu moja ikanitoka pajani, ikaanguka kwa mgongo wake wa kobe na kuanza kuteleza sitahani. Nikapiga kelele. Darren akaruka na ngao yake akaikinga mbele, vizuri kabisa, kishujaa, na bizimu ikaigonga ngao, ikadunda juu, ikapita katikati ya vyuma vya ukingoni ikaenda zake. Waviking wote wakakimbilia upande ule kuangalia maji. Mmoja wao akavua kofia.

Tulibaki na bizimu moja, utepe uliofumuliwa urefu wa kiganja, na mimi nimejifunga kidole kwa pembe ya leso nikitapika kwenye mfuko wa samaki wa Darren. Mama Furaha akaurudishia utepe kwa bandi ndefu ndefu zinazoonekana kutoka mbali. Nilishindwa hata kumkataza. Halafu, kati ya tapiko moja na jingine, nikaanza kucheka, na nilipoanza sikuweza kuacha, na yeye akaanza, na Darren akaanza. Abiria wengine wakahama viti.

Manly: chumba cha nyuma

Ukumbi uko juu kidogo ya ufuo. Wageni walikuwa wameketi tayari. Katya alikuwa amesimama mlangoni ndani ya gauni lake jeupe, na aliponiona na mifuko alinikumbatia bila kujali nilikuwa nanuka nini. Akauliza kama sarafani imetoka nzuri. Nikasema imetoka nzuri. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Nilimpelekea Bibi Nina kwanza. Alinitoa nje akafunga mlango avae mwenyewe. Kupitia mlango nilisikia kitani kikishuka, kisha neno moja dogo la Kirusi ambalo hata mimi nililielewa, maana kila lugha ina lake. Alikuwa anamwita mama yake. Nikaegemea ukuta. Nilitamani nimwambie, nikachukua mfuko wa pili nikaondoka.

Ingrid alikuwa chumba cha upande wa pili wa korido. Nilimwambia habari ya bizimu. Akacheka kwa sauti, mwanamke yule hana kinyongo, akasema bahari ina haki yake. Lakini alipovaa, ukanda wa kushoto haukuwa na cha kuushika, na gauni likamdondoka begani. Nilishika sindano nikaiweka chini. Kidole changu kilikuwa bado kinavuja damu. Ningekitia doa kitani. Ingrid akaukamata ukanda kwa mkono, akasema atamtafuta mwenye mkono mzima, akafungua mlango.

Na Bibi Nina akafungua wake.

Walisimama wakitazamana katika buluu ile ile. Nyuma yao, mwisho wa korido, nilimwona Katya. Alikuwa ameshika maua yake kama mtu anayeshika nguzo.

Bibi Nina alimtazama Ingrid kuanzia pindo kwenda juu, polepole. Alifika kwenye bandi za Mama Furaha akakunja uso.

"Nani amekushonea?"

"Rehema," Ingrid akasema.

"Na mimi."

Kisha wote wawili wakanigeukia. Nikasema lile nililokuwa nalo. Kwamba kwetu pande mbili za harusi huvaa kitambaa kimoja ili mgeni akiingia ajue nani wa kupewa pongezi. Kwamba sikukusudia kumwambia yeyote nguo yake ni ya nani. Kwamba naomba radhi, hasa kwa bibi.

Bibi Nina alimsogelea Ingrid, akautoa mkono wake kwenye ukanda, ukaanguka.

"Hii imekosa nini?"

"Bizimu," Ingrid akasema. "Imezama baharini."

"Nipe sindano," Bibi Nina akaniambia.

Alikuwa mfupi, Ingrid ikabidi apige goti. Bibi akamshonea ukanda hapo hapo mwilini, mishono midogo ya kubana, macho karibu yaguse kitambaa. Alipomaliza alikata uzi kwa meno. Akaangalia bega la pili lenye bizimu iliyobaki, akasema haliwi sawa, toa na hii. Akashona la pili vile vile. Kisha akaufumua utepe wa Mama Furaha na kuurudia. Muziki huko ndani ulikuwa umepigwa ukaisha ukaanza tena.

Ingrid alikuwa bado chini, bizimu moja kiganjani. "Labda ilikuwa hivi," akasema, akiitazama. "Bizimu ilipotea, na mtu akashona."

"Sasa umevaa sarafani," Bibi Nina akasema. "Ya kuazima." Na pembe ya mdomo wake ikapanda kidogo sana.

Ingrid akanyanyuka, akachukua ile bizimu, akaomba ruhusa kwa macho. Bibi akainua kidevu. Ingrid akambania kifuani, pale pale ambapo ukanda unakutana na gauni. Bibi Nina akaigonga kwa kucha kusikia kama ni shaba kweli, akaridhika, akanyoosha mkono upande ule wa Katya bila hata kugeuka kumtazama. Katya alikuja mbio na maua yakidondoka.

Walitembea, wakafika mbele. Bibi Nina akaketi benchi la mbele kando ya Ingrid, buluu na buluu. Wageni walifikiri yote yalipangwa, na mama mmoja akaniuliza ni mila ya nchi gani, nzuri hivyo. Mama Furaha akamjibu kabla yangu kwamba ni mila ya Uvira, kisha akapiga vigelegele, na Waviking wakaitikia kwa kugonga ngao zao mpaka vioo vikatetemeka. Kurudi nyumbani tulipakiwa kwenye gari la watu tukalala njia nzima, kwa hiyo hapo sina cha kuwaambia.

Na lile swali la kwenye feri, nani alimwiga nani. Wataalamu waendelee kuchimba makaburi yao. Mimi nilikuwepo, na sindano ilikuwa yangu.